Siku Niliyomwangusha Mkaguzi

Mimi ni dobi. Nasema mapema ili usije ukalalamika kwamba hukuambiwa. Nimefua nguo za watu miaka thelathini na moja, uani kwangu kuna kamba kumi na nne, na hakuna hata moja iliyolegea. Ukizigusa kwa kidole zinalia. Mashuka ya nyumba mbili za wageni huanikwa hapo kila siku ya Mungu, na shuka la kitanda kikubwa likilowa lina uzito wa mtoto wa darasa la pili. Kamba ikilegea kidogo tu pindo linagusa chini, na hapo unafua upya huku unatukana. Mtaani wananiita Mama Povu nikiwa nawaangalia, na Mama Kaza nikigeuza mgongo. Yote mawili nayajua na yote mawili nastahili.

Nina binti mmoja. Alikuwa karani wa masjala katika hospitali, kazi ya kiti, feni na muhuri. Asubuhi moja aliiacha. Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu. Aliandika barua, akaikunja vizuri, akampa mkuu wake, kisha akaja kuniambia nikiwa nimeshika pasi ya moto, jambo ambalo lilikuwa la kijasiri au la kijinga, bado sijaamua. Alisema anataka kuwafundisha watu kulala msituni kwenye machela.

Machela niliyoijua mimi ni ile ya kubebea wagonjwa, kwa hiyo nikamuuliza nani anaumwa. Akanieleza kwamba ni kitambaa kirefu, chepesi lakini imara, kinachokusanywa ncha zake mbili na kutundikwa kati ya miti miwili, nawe unalala humo hewani, juu yako turubai la kuzuia mvua. Watu wa mjini wamechoka na kuta, alisema, wanatamani kulala nje ila hawajui hata pa kuanzia. Nikamwambia aliyechoka na kuta aje anisaidie kupaka zangu chokaa.

Kwa miezi minane niliwaambia majirani kwamba binti yangu yuko likizo. Likizo ya miezi minane huipati hata ukiwa umekufa, lakini majirani zangu wana adabu, wakaitikia tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri achoke, arudi kwenye muhuri wake. Niliomba hivyo kila nilipopiga magoti, bila haya. Naye alijua, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba viwili vilivyotenganishwa na mbao, na mimi huomba kwa sauti.

Hakuchoka. Akakodi kipande cha msitu wa misonobari nje kidogo ya mji, akatundika machela sita, akajenga choo kizuri kuliko cha kwangu. Kilichobaki ni kibali cha ofisi ya misitu, na kibali kilikuwa na masharti mawili. Kwanza, mkaguzi aje alale mwenyewe kwenye machela, aone kama inambeba. Pili, athibitishe kwamba mwalimu anaweza kumfundisha mtu asiyejua lolote mpaka aitundike yake mwenyewe. Akinyimwa, haruhusiwi kuomba tena mpaka mwaka uishe, na mwenye msitu alishasema yeye hasubiri mwaka, kuna mtu wa mbao anamnyemelea. Kwa maneno mengine, maisha yote ya binti yangu yalikuwa yanangoja kukaliwa na makalio ya mtumishi wa serikali.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikwenda kupeleka taulo na foronya nilizomfulia, maana hata mtu akiwa amepotea njia mimi sitaki apotee na taulo chafu. Nilimkuta anahangaika huku na huko, mdomo umemkauka. Mkaguzi alikuwa amepiga simu kwamba ameshuka barabara kuu na haioni njia ya kuingilia. Binti yangu akavaa viatu vyake mbio, akanitazama, akasema, "Mama, wewe kaa tu."

Akaondoka. Sasa, mwambie mtu aliyefanya kazi tangu ana miaka kumi na miwili akae tu, halafu uone.

Nilikaa. Nilikaa dakika nne nzima. Kisha nikaanza kuziangalia zile machela, na damu ikaanza kunichemka. Zilikuwa zimelegea zote. Zilining'inia kati ya miti kama suruali zisizo na mikanda, tumbo chini, ncha juu, aibu tupu. Ile iliyokuwa karibu na njia, ambayo alikuwa ameiandalia mto na blanketi kwa ajili ya mkaguzi, ndiyo iliyolegea kuliko zote. Nikasema moyoni, huyu mtoto amekulia chini ya kamba zangu, ametambaa chini yake, na hiki ndicho alichojifunza? Mkaguzi akiona hivi atadhani hakulelewa.

Na hapa naomba uniamini, kwa sababu kuna mtu mwanzoni alishindwa: nilitaka kusaidia.

Niliikagua. Juu ya machela kulikuwa na kamba nyembamba iliyotoka ncha moja ya kitambaa hadi ncha nyingine, imenyooka vizuri, haibebi kitu. Nikasema kumbe ya kuanikia, na imewekwa pabaya, itamkwaruza mtu usoni. Nikaifungua, nikaifunga kwenye miti mingine miwili, nikaanika taulo zangu tatu. Kwenye mashina ya miti machela ilikuwa imeshikwa na mikanda mipana, laini, kama ya begi la shule. Hiyo nayo nikaitoa. Sijawahi kuona kazi ya maana inayofanywa na mkanda wa begi la shule. Kikapuni nilikuwa na kamba yangu ya nailoni, ya buluu, maana sitembei bila kamba kama wengine wasivyotembea bila simu. Nikafunga upande mmoja, nikaenda upande wa pili, nikaweka mguu kwenye shina, nikavuta. Nikafunga fundo letu la kidobi, lile ambalo kila ukivuta linabana zaidi, kisha nikapitisha kijiti katikati ya kamba nikakizungusha mpaka mti ukaguna.

Nilipomaliza, machela ilikuwa imenyooka kama meza. Ungeweza kupiga pasi juu yake. Nikajifuta jasho nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa miezi minane, nikaketi kwenye gogo, nikakaa tu.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye mwili, kilo mia na ushee, amevaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi na mtu anayejua kazi yake. Nilimheshimu kwa lile shati. Alikuja anahema, jalada kwapani, binti yangu nyuma yake anamweleza habari za maji na vyoo. Njia ile ina mlima, na mtu mwenye mwili akipanda mlima hataki kusikia habari za vyoo, anataka kukaa. Akaiona machela yenye mto. Akaenda moja kwa moja.

Binti yangu alikuwa ametupa jicho kwenye taulo. Aliziona, akaona kamba zilikotundikwa, uso ukambadilika. "Mzee, subiri kidogo," alisema, lakini mzee alikuwa ameshageuka na kujishusha.

Machela iliyokazwa, nilikuja kuelewa baadaye, haina ukingo. Haikukumbatii. Mkaguzi alikaa, kitambaa kikazunguka chini yake, naye akatua upande wa pili kwa magoti na viganja, kama mtu anayetafuta sindano. Aliinuka. Wakubwa wa ofisi wana namna yao ya kuanguka bila kukiri. Akajipangusa, akaishika machela kwa mikono miwili kama anayemdhibiti ng'ombe, akaipanda safari hii kwa tumbo, akajigeuza taratibu mpaka akalala chali, mikono imebanwa kifuani, mabega yamekunjwa, anatazama juu. Hapo binti yangu alikuwa anamsihi ashuke. Mkaguzi akajibu kwamba kanuni inataka dakika kumi, naye ataanza kuhesabu sasa.

Hakufika hata moja. Kamba yangu ya buluu, ambayo imebeba mablanketi ya hoteli wakati wa masika, ilikatika kwenye fundo kwa mlio wa bunduki. Mkaguzi alishuka wima, mto ukamfuata, jalada likafunguka na karatasi zikatawanyika kwenye majani ya msonobari.

Hakuumia. Nasema hivyo kwa sababu nimeona uso wako. Aliumia pale ambapo Mungu aliweka nyama ya kutosha kwa shughuli hiyo. Alibaki amekaa chini, akaokota kipande cha kamba ya buluu, akakizungusha mkononi, akauliza kwa sauti ya upole sana nani amefunga hii.

Binti yangu aliitazama ile kamba. Ameikunja maelfu ya mara kamba ya namna ile, hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Kisha akanitazama mimi. Kisha akasema, "Ni mimi, mzee. Kambi ni yangu."

Nami nikanyamaza. Naandika hili kwa aibu. Nilinyamaza kwa muda ambao ningeweza kukunja mashuka mawili na foronya zake, na ndani ya muda ule mwanangu alisimama pale akimezwa mzima kwa kosa langu, na mdomo wangu, ambao mtaa mzima unaujua, ulikuwa mzito kama nguo iliyolowekwa. Ndipo nikapiga moyo konde nikasema ni mimi. Nikasema nimeikaza mimi, kamba ni yangu, fundo ni langu, na ile nyembamba nimeanikia taulo.

Mkaguzi alinitazama kama doa lililogoma kutoka. Akaanza kukusanya karatasi zake.

Binti yangu alinishika mkono akanivuta nyuma ya choo. Sikuwahi kumwona hivyo. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo, maana hasira naijua, tumeishi nayo vizuri. Macho yake yalikuwa yananichunguza kama anayesoma jalada la mtu asiyemfahamu.

"Mama," akasema, "ulikusudia?"

Nilifungua mdomo nimwambie asinivunjie heshima. Lakini kila ombi nililoomba kwa sauti kwa miezi minane lilikuwa limesimama pale nyuma ya choo pamoja nasi, na yeye aliyasikia yote kupitia mbao. Ningekuwa hakimu, ningejifunga mwenyewe.

"Niliomba uchoke," nikamwambia. "Sikuomba uaibike. Nilidhani zimelegea kwa sababu hujui, nikaona nikufunike kabla mtu hajaona."

Alinitazama kidogo, akainama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari, akarudi kwa mkaguzi. Nikamfuata kama mshtakiwa.

Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye gogo langu, kwa uangalifu, upande mmoja, anaandika. Binti yangu akasimama mbele yake. Akamwambia kwamba sharti la kwanza limeshindikana na hana la kusema juu yake. Lakini sharti la pili linataka mtu asiyejua lolote. Na hapa, alisema, hata wangetafuta wilaya nzima wasingempata mtu anayejua kidogo kuliko mama yake, kwa sababu wengine hawajui tu, huyu anajua kinyume. "Nipe saa moja nimfundishe," akasema. "Ataitundika yeye mwenyewe, na wewe utalala humo. Ikikuangusha, sitaomba tena, si mwakani wala mwaka wowote. Nitarudi masjala."

"Alale humo nani?" mkaguzi akauliza.

"Wewe, mzee."

"Aitundike nani?"

"Huyo."

Nilitaka kumwambia asifanye hivyo, atafute mwingine, hata yule mkusanya kuni tuliyempita njiani. Mtu anayekuomba ushike maisha yake wakati ndiyo kwanza umeyaangusha anakutia hofu ambayo hakuna adhabu inayoifikia. Mkaguzi alijipapasa nyonga, akatazama saa, akasema saa moja isizidi, na kama kuna chai angeshukuru.

Somo lilianza na ndoo. Binti yangu alijaza ndoo maji, akaitia katikati ya kamba, akanipa ncha moja, ncha nyingine akashika yeye. Kamba ikiwa imelegea, ndoo ikining'inia karibu na magoti, niliibeba bila shida. Akasema sasa tuvute tuinyooshe. Tukavuta. Kila kamba ilipokaribia kunyooka ndoo ilizidi kuwa nzito, mikono ikatetemeka, na ndoo ile ile, maji yale yale. Nilijikaza kisabuni, nikavuta kwa uchungu wote nilionao, na bado katikati pale kamba ilikataa kunyooka. Mkaguzi aliacha kunywa chai akatutazama.

Alinieleza kwamba mtu wa kilo mia akilala kwenye machela iliyoshuka vizuri, kila upande unavutwa kwa kilo mia. Ikikazwa ikaribie kunyooka, mtu yule yule anavuta kila upande kwa karibu kilo mia sita. Hapo nikakumbuka msumari wa ukuta wa kaskazini, ule uliochomoka na lipu yake siku nilipoanika blanketi la sufu kwenye kamba mpya iliyokazwa. Nilimlaumu fundi mwashi kwa miaka kumi na moja. Salamu zimfikie popote alipo.

"Kamba zako zinabeba shuka, Mama, na shuka limetandazwa kamba nzima," akasema. "Hii inambeba mtu, na uzito wake wote unaning'inia hapa kati."

Akanipa mikanda ya begi la shule. Nikaambiwa upana wake ndio ubora wake, hauukati mti ngozi. Akanyoosha kidole cha shahada kama anayeelekeza njia, gumba likasimama juu, akasema mkanda ushuke kama mstari unaotoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole. Nikafunga mikanda kwenye miti kimo cha kichwa changu, nikaingiza kulabu, nikatundika, na mkono wangu wenyewe, bila kunishauri, ukavuta ukakaza. "Legeza," akasema. Nikalegeza. Nikageuka kuchukua upande wa pili, nikarudi, nikakaza tena. "Legeza, Mama." Nikamwambia nimelegeza. Akanionyesha gumba na kidole, mkanda ukapita juu ya kidole kama ndege. Tulibishana. Nilimwambia nilianza kufunga kamba kabla hajazaliwa, akasema ndiyo, na zote zilikuwa za mashuka. Mara ya tatu nililegeza nikashika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto mpaka hamu ikapita.

Kisha akafungua taulo zangu akaniletea ile kamba nyembamba. Hii, alisema, ndiyo wanaoanza wote huidharau. Ni kamba ya kipimo. Inafungwa ncha hadi ncha ya kitambaa chenyewe, fupi kuliko kitambaa, ili tumbo la machela libaki lile lile hata kama miti iko karibu au mbali, hata kama aliyeitundika ana wazimu. Ukimaliza unaibana kwa vidole viwili. Ikipinda kidogo, umepatia. Ikiwa ngumu kama chuma, umekaza mno. Ikiwa kama uzi wa sweta, umelegeza mno. Nilipoielewa nilitaka kuiomba radhi kwa zile taulo.

Ilibaki kamba ya turubai, ile inayopita juu ya yote na kushika paa. Nikaishika nikisubiri kuambiwa nilegeze. Binti yangu akasema, "Hiyo kaza. Hiyo haibebi mtu, na ikilegea maji yanatuama." Nikauliza nikaze kiasi gani. Akasema kama uani. Sitaeleza nilivyoikaza kamba ile. Nitasema tu kwamba mkaguzi aliinuka kutoka kwenye gogo akaja kuipiga kwa kidole, nayo ikalia, na akaandika kitu. Nikamwonyesha binti yangu pia kwamba mvua ikinyesha maji yatatembea juu ya mkanda kutoka kwenye mti hadi kitandani, dobi yeyote analijua hilo, na dawa yake ni kufunga kipande cha uzi kwenye mkanda ili yadondokee hapo. Akasema kumbe wewe umejuaje, hilo ni somo la siku ya pili. Hapo tukakaribia kucheka.

Saa moja ikaisha. Mkaguzi akaweka kikombe chini, akaisogelea machela yangu kwa mwendo wa mtu anayekwenda kung'oa jino. Ilikuwa imeshuka kimo cha kiti, tumbo chini, ncha juu, kama zilivyokuwa zile nilizozicheka. Akaizunguka. Akamgeukia binti yangu.

"Mwalimu, hutaikagua kwanza?"

"Hapana," binti yangu akasema, akachukua birika, akatupa mgongo, akaenda kuchochea moto.

Nilidhani sikusikia vizuri. Niliangalia mikanda, nikaangalia kulabu, nikaangalia kamba ya kipimo, na kila kitu nilichokuwa na hakika nacho dakika moja kabla kikawa na mashaka. Je, kulabu ile nimeifunga mpaka mwisho? Je, mkono wa kulia haukurudi kukaza nilipokuwa nimegeuka? Mkaguzi akashika kitambaa, akaketi. Machela ikampokea, haikuzunguka. Nikamwambia, kwa sauti isiyokuwa yangu, alale mshazari, kichwa huku miguu kule, siyo sambamba na kamba, hapo mgongo utanyooka. Akainua miguu, akajisogeza mshazari. Miti ikasema kitu kidogo ikanyamaza. Mabega ya yule mzee yakafunguka, mikono ikamwangukia ubavuni. Alibaki anatazama turubai kwa muda mrefu.

Dakika kumi zilipita, nilizihesabu zote. Zikapita nyingine tano ambazo hazikuwa kwenye kanuni. Kisha akanyoosha mkono nje ya kitambaa bila kuinua kichwa, akaniambia nimpe karatasi ya kibali kutoka kwenye jalada. Akaitandaza juu ya tumbo lake, akatia sahihi iliyopinda kama njia ya mbuzi, akatia na muhuri, akanirudishia. Akaniomba asisumbuliwe kidogo. Muda si muda akaanza kukoroma.

Nilikwenda na karatasi mpaka motoni. Binti yangu alikuwa amechuchumaa, bado ametupa mgongo, na nilipofika karibu nikaona birika halina maji. Alikuwa amechochea moto chini ya birika tupu kwa robo saa, asigeuke. Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili, akaiweka kifuani.

Nikamuuliza kwa nini hakuikagua. Nikamwambia ningeweza kukosea, kulabu moja tu, na angekuwa masjala Jumatatu. Nikamwambia mwalimu mwenye akili angeangalia.

"Nilikuuliza swali kule nyuma, ukanijibu," akasema. "Ningekagua, ingekuwa sijakuamini."

Nilimpenda mtoto huyu tangu siku ya kwanza, lakini kumheshimu nilianza pale, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane, nimesimama kwenye moshi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Kisha nikakaa chini kwenye majani nikalia kwa sauti, bila haya, naye akanishika bega akaniambia nipunguze, mkaguzi amelala.